Modi za Stardew Valley zinagoma? Soma dirisha jeusi kwanza

Wakuu, malalamiko ya modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) za Stardew Valley, lile gemu la shamba, yanajirudia mpaka unaweza kuyajibu huku umelala. Nimedaunlodi modi, nimeweka, gemu linafunguka ila hamna kitu. Au halifunguki kabisa. Au jana nilikuwa navuna vizuri tu, leo limekufa. Ukimuuliza mtu lile dirisha jeusi la SMAPI, programu inayobeba modi, linalofunguka pamoja na gemu liliandika nini anakwambia nililifunga, lilikuwa linanisumbua. Sasa hapo unasaidiwaje, manake dirisha lile ndo linalotaja kosa kwa jina, na mara nyingi linakupa mpaka linki ya kurekebishia.

Nimepanga humu kwa dalili. Tafuta ya kwako, anza na sababu ya juu ushuke taratibu, usikimbilie kufuta gemu zima na kulidaunlodi upya kwa bando la kuungaunga, manake kwa matatizo mengi hiyo haisaidii chochote, modi zako mbovu zitakuwa bado zipo palepale.

Hii ni ya wanaocheza kwenye kompyuta, iwe Windows, Mac au Linux. PlayStation, Xbox na Switch hamna modi, usipoteze muda. iPhone nayo hamna. Android kuna watu wamejitengenezea SMAPI ya simu lakini sio ile rasmi na vituko vyake ni vya kwake, humu siigusi.

Mambo ya kujua kabla hujashika chochote

SMAPI ni programu ya bure inayobeba modi. Gemu peke yake halijui habari ya folda yako ya modi, SMAPI ndo inafungua gemu na kuziingiza. Inapatikana smapi.io, haiuzwi, mtu akikuuzia amekupiga. Kisha kuna Content Patcher, hii yenyewe ni modi lakini kazi yake ni kuzisaidia modi nyingine zinazobadilisha picha, ramani na maongezi. Ukiona folda ya modi jina lake linaanza na CP jua bila Content Patcher haiendi popote.

Folda za kukariri ni tatu. Ya kwanza ni folda ya gemu lenyewe, kwenye Steam bofya jina la gemu kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda "Manage", kisha "Browse local files", usianze kuitafuta kwa macho. Ndani yake kuna folda inaitwa Mods, SMAPI inaitengeneza ukishaiinstoli. Ya tatu iko mbali kidogo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%\StardewValley, ingia. Humo kuna Saves, yaani mashamba yako yote, na ErrorLogs, yaani kumbukumbu za makosa.

Nakili folda ya Saves uiweke kwenye flashi sasa hivi kabla hujasoma mstari unaofuata. Sitanii. SMAPI inakuja na kimodi kinachoitwa Save Backup ambacho kinatunza nakala kumi za mwisho kwenye folda ya save-backups ndani ya folda ya gemu, ni kizuri sana, lakini kiko kwenye diski ileile, na diski ikifa vinakufa vyote.

Dalili: SMAPI yenyewe haiinstoli, au dirisha linawaka na kuzima

Sababu namba moja, na inaongoza kwa mbali: umefungua kiinstola kikiwa bado ndani ya zipu. Windows inakuonyesha zipu kama folda ya kawaida kwa hiyo mtu anabofya tu "install on Windows.bat" humohumo. Kinashindwa kwa sababu mafaili mengine hayajatoka. Bofya zipu kwa kitufe cha kulia, "Extract All", ndo uingie kwenye folda iliyotoka. Iweke kwenye Desktop au Downloads, usiitolee ndani ya folda ya gemu, na hasa usiitolee ndani ya Mods.

Pili, umeshafungua lakini ukabofya StardewModdingAPI.exe uliyoikuta kwenye mafaili uliyodaunlodi badala ya kiinstola. Itakwambia haioni gemu. Ni kweli haioni, haijakaa pake. Tumia kiinstola, chenyewe kitaipeleka kwenye folda ya gemu.

Tatu, kiinstola kimefunguka na kinasubiri jibu we unadhani kimeganda. Hakina vitufe vya kubofya, kinauliza kwa maandishi. Kinaanza kuuliza rangi gani inasomeka vizuri, andika namba bonyeza Enter, kisha kinauliza unataka kuinstoli au kuondoa, jibu kwa namba vilevile. Kama hakijaona gemu lilipo kitakuomba anwani ya folda: nenda kwenye folda ya gemu, nakili anwani iliyo juu ya dirisha, ibandike.

Nne, antivairasi imelificha faili. Hapa tulia. Kama SMAPI umeitoa smapi.io mwenyewe, fungua historia ya antivairasi uone imezuia nini, uirudishe. Kama uliitoa kwenye linki ya YouTube au mtu alikutumia kwenye Telegramu basi usirudishe kitu, futa, daunlodi upya kutoka kwenye chanzo.

Tano ni laptopu za zamani. Kuanzia toleo 1.5.5 la mwaka 2021 gemu linataka Windows ya biti 64. Angalia kwenye "Settings", "System", "About". Kama imeandikwa 32 basi hakuna modi itakayotibu hilo.

Kwa wenye Mac, mfumo ukikataa kufungua "install on macOS.command" kwa sababu haimjui mtengenezaji, nenda kwenye mipangilio ya usalama ukairuhusu hiyo tu. Usizime ulinzi wote eti kwa ajili ya kuku wa kwenye gemu.

Dalili: gemu linafunguka safi, lakini hakuna modi hata moja

Swali la kwanza: dirisha jeusi limetokea? Kama halijatokea, SMAPI haijawaka, umefungua gemu tupu. Kwenye Windows hii inawapata sana wanaobofya "Play" ya Steam kama walivyozoea. Steam inafungua Stardew Valley ya kawaida, haijui kama kuna SMAPI pembeni.

Jaribio rahisi ni kwenda kwenye folda ya gemu na kubofya StardewModdingAPI.exe moja kwa moja. Modi zikionekana, tatizo lako ni Steam tu. Dawa ya kudumu ni "Launch Options": kiinstola cha SMAPI kinapomaliza kinakuandikia mstari wa kunakili, una anwani ya StardewModdingAPI.exe ndani ya alama za kunukuu na mwisho wake %command%. Bandika mstari huo kwenye Steam, "Properties" ya gemu, sehemu ya "Launch Options". Alama za kunukuu zisipungue hata moja, na hiyo %command% isisahaulike. Faida nyingine ni kwamba ukipitia Steam hivi tuzo za Steam na kuhesabiwa saa ulizocheza vinaendelea.

Kama dirisha jeusi limetokea ila linasema modi zilizopakiwa ni mbili tu, Console Commands na Save Backup, hizo ni za SMAPI mwenyewe. Yaani za kwako haijaziona. Hapo kagua umeziweka Mods ya wapi. Kuna watu wana gemu mara mbili kwenye kompyuta moja, moja la Steam na jingine alilopewa na rafiki kwenye flashi, anaweka modi huku anafungua kule. Dirisha lenyewe linaandika mwanzoni folda ya modi iko wapi, linganisha na ile uliyoifungua.

Na tukiwa kwenye hayo ya flashi: matoleo ya kuchakachua mara nyingi ni ya zamani na yana mafaili pungufu, na sehemu nyingi za msaada wakigundua hawakugusi. Sihukumu mtu, lakini nusu saa unayoitumia kuhangaika nalo kila siku nayo ina bei yake.

Dalili: dirisha limejaa maandishi mekundu, modi fulani zimerukwa

Hii ndo kubwa, na kwa kweli ndo dalili nzuri kuliko zote kwa sababu umeshaambiwa ugonjwa. Panda juu kwenye dirisha mpaka uone "Skipped mods". Chini yake kila modi iliyokataliwa imetajwa na sababu yake.

Inasema inahitaji modi nyingine ambazo hujaweka. Hii ndo ya kila siku. Modi nyingi hazijitegemei. Mfano mtu anaitaka Stardew Valley Expanded, anaidaunlodi hiyo tu, kumbe inataka Content Patcher na Farm Type Manager na nyinginezo. Kwenye ukurasa wa modi kule Nexus Mods, tovuti ya kudaunlodia modi, kuna sehemu ya "Requirements", isome kabla ya kudaunlodi sio baada. Jina la modi inayokosekana limeandikwa kwenye dirisha, lifuate hilo, na ukishaiweka washa tena uone kama na yenyewe hailii kutaka nyingine.

Inasema una nakala zaidi ya moja za modi hiyohiyo. Mara nyingi ulikuwa unaapdeti, ukaitolea mpya pembeni ya ya zamani, folda moja inaitwa hivi na ya pili ina namba ya toleo mwishoni. SMAPI haitakuchagulia, inakutajia folda zote zilizogongana. Zifute, weka mpya peke yake. Ukitaka mipangilio yako ibaki, nakili config.json kutoka kwenye folda ya zamani kabla hujaifuta. Hii pia inawapata wanaochanganya Vortex (programu ya kukuwekea na kukuondolea modi) na kuweka kwa mkono. Ushauri wangu, chagua njia moja. Kama unatumia Vortex basi yenyewe ndo iweke na ndo iondoe, ukiingia kwa mkono na kufuta mafaili nyuma ya mgongo wake itakuchanganya tu. Mimi kwa anayeanza napendekeza mkono, unajua kila kitu kilipo.

Inasema haina manifest.json. Kila modi ya SMAPI lazima iwe na faili hilo, ndo kitambulisho chake. Likikosekana sababu ni moja kati ya hizi: umetoa zipu nusu, au bando lilikatika zipu ikashuka pungufu (linganisha ukubwa wa faili lako na ulioandikwa kwenye ukurasa), au umemwaga mafaili ya modi ovyo ndani ya Mods bila folda yake. Folda ndani ya folda haina shida, SMAPI inachimba mpaka ndani, kwa hiyo unaweza hata kuzipanga kwa makundi. Inachotaka ni kila modi ikae kwenye nyumba yake.

Sababu nyingine ya kukosa manifest ni kwamba sio modi ya SMAPI, ni ya mtindo wa zamani, mafaili ya XNB. Hizo zilikuwa zinabandikwa juu ya mafaili ya gemu lenyewe kwenye folda ya Content. Achana nazo. Gemu likiapdetiwa zinavunjika, na modi nyingine zinavunjika pamoja nazo. Tafuta mbadala wa Content Patcher, kwa modi maarufu mara nyingi upo. Kama ulishabandika XNB huko nyuma, hata miaka miwili iliyopita, na sasa unaona rangi za ajabu au ramani zilizokatika, futa folda ya Content, kisha kwenye Steam nenda "Properties", "Installed Files", "Verify integrity of game files". Itairudisha ikiwa safi. Itakula bando kidogo, lakini hilo ni tukio moja ambapo bando limekwenda kihalali.

Inasema modi haiendani tena na toleo hili. Nenda smapi.io/mods, andika jina la modi, utaambiwa kama ina toleo jipya, au kama imekufa na watu wamehamia ipi.

Inalalamika JSON imekosewa, yaani maandishi ya mafaili yanayoishia na .json. Kama ulifungua config.json au content.json ukahariri, basi koma au mabano vimepotea. Bandika maandishi yote kwenye smapi.io/json, itakuonyesha mstari wenye kosa. Kama ni config.json tu, njia ya mkato ni kuifuta: ukiwasha gemu inatengenezwa mpya yenye mipangilio ya mwanzo.

Na kwa kuwa wengine wanashtuka, rangi sio zote za kutisha. Nyekundu ni kosa. Ya njano ni onyo, mara nyingi gemu linaenda tu. Zambarau ni taarifa kwamba kuna modi zina matoleo mapya, na linki zake zipo hapohapo.

Dalili: modi imepakiwa, hakuna wekundu, lakini ndani ya gemu sioni kitu

Anza na subira. Vitu vingi kwenye gemu hili vinabadilika ukilala na kuamka siku mpya. Lala, amka, angalia.

Halafu soma maelezo ya modi. Aina mpya ya shamba inaonekana pale unapoanzisha mkulima mpya, haiwezi kuingia kwenye shamba lako la miaka mitatu ambalo limeshachagua ramani yake. Modi ya mavazi ya kipupwe haitaonekana kiangazi. Mhusika mpya anaweza kuwa anasubiri tukio fulani au tarehe fulani ndo atokee. Sio kosa, ni hadithi.

Angalia pia kama imezimwa kwenye mipangilio yake. Ukiweka Generic Mod Config Menu unapata kitufe cha gia kwenye skrini ya mwanzo ya gemu, pale unawasha na kuzima vipengele bila kugusa faili lolote. Ningekuwa mtu wa kwanza kuweka hiyo kwa kila anayeanza.

Kisha kuna ugomvi. Umeweka modi mbili zinazobadilisha picha za mhusika Abigail, au mbili zinazobadilisha ramani ya mji. Fahali wawili hawakai zizi moja: kama zote mbili zinataka kuleta faili lilelile zima, SMAPI inaweza kuziacha zote mbili na kutumia la gemu lenyewe, kwa hiyo unabaki unashangaa mbona hata moja haionekani. Dirisha litakuwa limetaja majina ya waliogombana. Chagua moja. Wakati mwingine mtengenezaji ametoa kiraka cha kuzipatanisha, kiko kwenye ukurasa wa modi mojawapo.

Ukitaka kuzama zaidi, andika patch summary ndani ya dirisha jeusi wakati gemu limewaka, Enter. Content Patcher itaorodhesha kila badiliko na kama limetumika au la, na kwa nini. Orodha ni ndefu na inachosha ila jibu limo.

Dalili: ilikuwa inafanya kazi, ghafla imekufa

Gemu limeapdetiwa. Tisa kati ya kumi ni hilo, hata kama hukuona, manake Steam inafanya kimyakimya. Kisa kikubwa kilikuwa tarehe 19 Machi 2024 toleo 1.6 lilipotoka kwenye kompyuta, mambo mengi ndani ya gemu yalibadilishwa, SMAPI ikaruka kwenda 4.0 na modi lukuki zikasimama mpaka wenyewe wazirekebishe. Mafunzo mengi ya zamani ya video yalitengenezwa kabla ya hapo, kwa hiyo ukiyafuata neno kwa neno unaweza kuweka SMAPI ya kale kwenye gemu jipya. Mstari wa kwanza wa dirisha unakwambia SMAPI toleo gani na gemu toleo gani, usome.

Utaratibu ni huu na usiugeuze: apdeti SMAPI kwanza, kisha Content Patcher na zile modi ambazo wenzake wanazitegemea, kisha zilizobaki. Ukianza na za chini utapata makosa ya uongo. Kwenye Mac na Linux apdeti ya gemu inaweza kuifuta njia ya SMAPI kabisa, iinstoli tu upya juu yake, modi zako hazifutiki.

Kama hakuna kilichoapdetiwa, jiulize umeongeza nini mwisho. Itoe. Huhitaji kuifuta, weka nukta mwanzoni mwa jina la folda yake na SMAPI itairuka. Hujui ni ipi? Gawa nusu kwa nusu. Hamisha nusu ya modi nje ya Mods, washa. Tatizo likiondoka, mkosaji yuko kwenye zilizotoka, likibaki yuko kwenye zilizobaki, endelea kugawa hivyohivyo. Modi 40 unampata mkosaji kwa kuwasha mara tano au sita. Angalia tu usitenganishe modi na ile inayoitegemea, na zoezi hili ulifanye na mkulima wa majaribio, usilifanye kwenye shamba lako halisi, kwa sababu ukilifungua shamba bila modi zake na ukalala, gemu linasevu hivyohivyo pungufu.

Dalili: gemu linaganda au limekuwa zito

Kabla hujalaumu laptopu: je, ulibofya ndani ya dirisha jeusi? Kwenye Windows ukibofya mle unakuwa umeanza kuchagua maandishi, na dirisha linasimama likikusubiri, na gemu linasimama nalo. Bonyeza Esc ukiwa ndani ya dirisha hilo. Limeamka? Ndo hivyo. Na usilifunge, ukilifunga gemu zima linazima bila kusevu.

Pili, kuna modi inapiga kelele. Gemu linajisukuma mara 60 kwa sekunde, modi ikikosea kila msukumo inaandika kosa kila msukumo, utaona maandishi mekundu yanatiririka hayaishi. Jina lake liko mwanzoni mwa kila mstari ndani ya mabano. Itoe.

Tatu ndo uzito wa kweli, picha za ubora mkubwa, ramani kubwa, modi mia kwenye laptopu yenye ramu ya GB 4 na kivinjari kimefunguliwa pembeni. Funga vingine, punguza za picha kwanza.

Dalili: shamba halionekani kwenye orodha, au linagoma kufunguka

Usianze shamba jipya kwa jina lilelile, usilale, usibofye chochote. Nenda kwenye Saves. Kila shamba lina folda yake yenye jina na namba, ndani kuna faili lenye jina kama la folda, kuna SaveGameInfo, na kuna hivyohivyo viwili vyenye _old mwishoni, yaani usiku wa jana yake.

Sababu ya kawaida kwetu ni umeme. Gemu linasevu pale unapolala, umeme ukikatika sekunde hiyohiyo na betri ya laptopu imeshakufa, faili linabaki tupu. Ukiona ukubwa wake ni KB 0 umepata jibu. Nakili folda nzima pembeni kwanza. Kisha ondoa faili bovu na SaveGameInfo, na yale mawili ya _old uyaondolee hilo _old kwenye jina. Umepoteza siku moja ya kwenye gemu, sio msiba. Ikikataa, nenda save-backups, fungua zipu ya siku ya karibuni, toa folda ya shamba lako.

Kama shamba linafunguka ila vitu vimegeuka kuwa "Error Item" au sehemu fulani imetoweka, umeondoa modi iliyoleta vitu hivyo. Irudishe kabla ya kulala. Ukitaka kuiondoa kweli, kwanza toa mali zako kwenye maeneo yake, uza au sogeza vitu vyake, ndo uitoe.

Dalili: nacheza na wenzangu, tunagombana na gemu

Hakikisheni toleo la gemu ni moja kwa wote. Kisha modi za vitu, ramani na wahusika wote muwe nazo, toleo lilelile. Za kujionea tu kama Lookup Anything kila mtu kivyake. Njia rahisi ni mwenye shamba kuzipu Mods yake na kuwapa wengine.

Hapa simama, usiendelee mwenyewe

Modi ikikuomba uzime antivairasi kabisa, ikija na kiinstola cha .exe chake, au ikikutaka nywila ya Steam, futa. Modi zenye faili la .dll zinaendesha kodi kwenye kompyuta yako na hakuna uzio unaozizuia, kwa hiyo chanzo ni kila kitu. Kama ulishabofya na sasa akaunti inafanya vitu usivyovijua, badilisha nywila ukitumia kifaa kingine na umpelekee fundi kompyuta aisafishe.

Mafaili yakiharibika mara kwa mara hata ya nje ya gemu, au laptopu inazima ghafla au diski inatoa mlio, hilo sio la modi tena. Nakili kilicho muhimu, peleka kwa fundi. Na ukimpelekea akakwambia anapiga Windows upya, mwambie asubiri: Saves ziko kwenye C chini ya jina lako la mtumiaji hata kama gemu umeliweka D, akipiga zinakwenda.

Kwa mengine yote, ukikwama, usipige picha dirisha kwa simu. Funga gemu, nenda smapi.io/log, pakia SMAPI-latest.txt kutoka ErrorLogs, utapewa linki. Ipeleke kwenye Discord ya Stardew Valley au kwenye ukurasa wa modi husika, andika ulifanya nini mara ya mwisho kabla halijatokea na umeshajaribu nini. Ukiliwasha gemu tena kabla ya kupakia, faili hilo linaandikwa upya na kosa la mwanzo linapotea, kwa hiyo pakia kwanza.